Hewa Iliyotoka Mwambani

Kaka yangu alikuwa fundi wa visima. Hakuwa na mashine. Alikuwa na sururu, nyundo, patasi na ndoo, na watu wa mabonde ya chini ya Karatu, kuanzia Endabash mpaka kwenye mashamba ya vitunguu ya Mang'ola, walimwita kila kisima kilipokauka. Miaka hii vinakauka sana. Alikuwa mwembamba, mwenye mabega mapana, na alikuwa na tabia ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo lolote, kana kwamba anabisha hodi.

Baba yetu alitoka Singida akiwa kijana akaja kuchuma kahawa kwenye shamba moja kubwa juu ya mji, jirani na msitu wa Ngorongoro. Tulizaliwa kwenye nyumba za vibarua. Baba alipofariki, kaka aliacha shule akaanza kuchimba, na mimi nikaendelea kusoma kwa sababu yeye alichimba. Nilipofika chuo kikuu nikamwambia nasomea miamba, alicheka mpaka akakaa chini.

"Mimi nayapiga mawe, wewe unayasoma," alisema. "Mama, kati yetu nani ana akili?"

Alioa binti wa Kimbulu kutoka Endabash, mwanamke mpole mwenye sauti nzito, na mdogo wa kiume wa huyo wifi yangu ndiye aliyekuwa mwenzake wa kazi. Kisima cha mkono huchimbwa na watu wawili. Mmoja yuko chini anapiga, mwingine yuko juu na kamba: anashusha ndoo, anapandisha udongo, anamshusha na kumpandisha mwenzake. Walifanya hivyo miaka mingi. Kaka alimwita shemela, naye akamwita hivyo hivyo.

Baada ya masomo nilipata kazi kwenye mradi wa kutafuta mafuta katika bonde la Ziwa Eyasi. Msimu wa kwanza hatukuchimba kitu. Tulitembea. Tulipelekwa Kakesio, upande wa pili, juu ya ule ukuta mrefu wa mawe unaoishikilia Ngorongoro isishuke ziwani, tukapewa kazi ya kupima na kuandika miamba iliyo wazi. Vibarua walihitajika, na kwa kuwa ulikuwa wakati wa kiangazi na kaka hakuwa na kisima, akaja na sisi kubeba nyundo na mifuko ya sampuli.

Nakumbuka mchana mmoja tumekaa kwenye ukingo wa ule ukuta, tunakula ugali wa baridi na maziwa mgando tuliyopewa kwenye boma la jirani. Chini yetu ziwa lilikuwa limekauka karibu lote, jeupe kama chokaa.

Akakohoa. "Hebu niambie vizuri. Mafuta mnayatafuta huko chini, sasa huku juu tunapiga mawe ya nini?"

"Kwa sababu ni mawe yale yale," nilimwambia. "Hii granaiti tuliyoikalia zamani ilikuwa kipande kimoja na ile iliyoko chini ya ziwa. Ardhi ilivutwa huku na huku ikapasuka. Upande huu ukabaki juu. Upande ule ukazama, mito ikaleta tope na mchanga, ukazikwa. Sisi tunasoma huu ulio wazi ili tujue ule uliozikwa umekaaje."

"Lakini granaiti haishiki kitu. Mimi naijua. Ukimwaga maji juu yake yanateleza."

"Ikiwa mbichi, ndiyo. Sasa angalia hapo ulipoweka mguu."

Alikuwa ameweka mguu kwenye changarawe laini. Ilikuwa granaiti, bado imekaa mahali pake, na michirizi yake yote ilikuwa bado inaonekana, lakini ukiigusa inamomonyoka mkononi. Nikamweleza kwamba mwamba unaokaa juani na kwenye mvua kwa muda usiohesabika unaoza. Chembe zake nyingine zinageuka udongo wa mfinyanzi, nyingine zinabaki mchanga, na kati ya chembe na chembe panapatikana nafasi. Chini ya sehemu iliyooza kuna mwamba mgumu, ila nao umevunjikavunjika, kwa sababu ardhi ikivutwa haipasuki mahali pamoja tu. Inapasuka kila mahali, mipasuko mikubwa na nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua yanafuata zile nyufa na kuozesha zaidi. Kuvunjika kunaleta kuoza, na kuoza kunapanua palipovunjika. Kilima cha namna hiyo kikizama na kufunikwa na tope la ziwa lenye mabaki ya mimea na wadudu, lile tope likaelemewa na kupata joto la kutosha, mafuta yanakamuka na kutafuta pa kwenda. Yakikuta kilima kilichojaa nyufa yanaingia, na tope la juu linakuwa mfuniko.

"Kwa hiyo mnatafuta mlima uliozikwa," kaka alisema.

"Ndiyo. Uliooza kwanza, ukavunjika, ndipo ukazikwa."

"Na kama hizo nyufa hazina mafuta?"

"Zina maji. Au gesi nyingine. Au hazina kitu."

Alitikisa kichwa, akaosha bakuli kwa mchanga. Wakati tunafunga mizigo, mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akiswaga punda wa maji alisimama akatutazama. Kwa Kiswahili cha shida aliuliza kama tutaweka vigingi vya mipaka. Kiongozi wetu akamjibu kwamba hapana, ni utafiti tu. "Mkikuta hicho kitu," yule mama akauliza, "sisi tunahamishiwa wapi?" Kiongozi akaendelea kufunga mifuko.

Mwaka uliofuata mtambo wa kuchoronga ulifika upande wa chini, kwenye tambarare ya Mang'ola. Nilikuwa naishi kambini. Kazi yangu ilikuwa kupokea mwamba uliotolewa shimoni, vipande virefu vya mviringo vyenye unene wa mkono, kuviosha, kuvipanga kwenye makasha na kuandika ninachokiona. Mwanzo ulikuja mfinyanzi wa ziwa la kale, wa kijivu, unaonata. Ulituchukua muda kuupita. Halafu rangi ikageuka, ukaja udongo mwekundu, na wajiolojia wenye uzoefu wakaanza kusogea karibu na makasha, maana huo ndio ulikuwa uso wa kilima chenyewe, ardhi iliyowahi kukanyagwa na wanyama kabla ya kuzama. Kuna jambo hapo ambalo watu hawalijui: mwamba ukioza kupita kiasi hauna faida. Mfinyanzi unaziba kila kitundu. Unachokitaka kiko chini zaidi, pale ulipooza nusu, na chini yake tena, kwenye nyufa zilizobaki wazi.

Tulikuwa bado hatujafika huko, na mvua za masika zilikuwa zimeanza, wakati wifi alipopiga simu asubuhi moja.

"Wifi, njoo," alisema. "Kaka yako yumo kisimani na hajibu."

Nilijua kisima gani. Kilikuwa cha mkulima mmoja wa vitunguu, juu kidogo ya tambarare, mahali mabonde madogo yanapoteremka kutoka Karatu. Kaka na shemeji yake walikuwa wameshaupita udongo na kuingia kwenye mwamba uliovunjika. Mvua zilipoanza walikiacha kipumzike, na asubuhi hiyo walirudi.

Nilimkimbilia mtu wa usalama wa kambi, mzee kidogo kutoka Dodoma, mcheshi siku zote. Hakuuliza maswali mengi. Aliniuliza tu, "Kuna mtu mwingine ameshuka?" Nikasema sijui. Akapakia mitungi ya hewa, barakoa na kipimo cha gesi kwenye gari, tukaondoka tukiteleza kwenye tope.

Watu walikuwa wameshajaa. Shemeji yake kaka alikuwa amekaa chini mbali kidogo na mdomo wa kisima, vijana wamemzunguka kama mtu anayelindwa asitoroke. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa kamba. Aliponiona alianza kuongea kabla sijamuuliza.

"Dada, alishuka vizuri. Alipofika chini akafungua kamba kiunoni, ilikuwa inamzuia kuinama. Akapiga sururu kidogo, akanyamaza. Nikamwita, shemela! Akasema anasikia usingizi. Basi. Nikamwita tena, kimya. Nikaanza kushuka kwa vile vishikio tulivyochonga ukutani. Sikufika mbali, kifua kikabana, kichwa kikazunguka, macho yakaona giza. Nikapanda." Akarudia, polepole, "Nikapanda."

Mtu wa usalama alifunga kamba, akavaa barakoa, akashushwa. Kipimo cha gesi kilianza kulia kabla hajafika katikati. Mlio ulikuwa mwembamba, kama wa mdudu, na uliendelea kulia wakati wote alipokuwa chini. Alipovuta kamba kutupa ishara, wanaume walivuta, na kaka yangu akatoka kisimani amefungwa kifuani, kichwa kimeinama, suruali imelowa magotini. Hakuwa na jeraha. Hakuwa na hata mchubuko. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyejilaza mchana baada ya kula.

Wifi alipiga magoti akamfuta tope usoni kwa kanga yake. Hakulia kwa sauti. Alimfuta tu, akarudia, mpaka mtu akamshika mkono.

Hospitalini walisema alikosa hewa. Lakini neno hilo lilipofika nyumbani kwetu Karatu lilikuwa limeshapungua nguvu. Ndugu wa baba walikuja kutoka Singida, wakaongozwa na baba yetu mdogo, mtu mrefu, mkali, aliyempenda kaka kama mwanawe. Tulizika kwenye mvua. Baada ya mazishi alikusanya watu uani, chini ya turubai, akamwita yule shemeji wa marehemu asimame mbele.

"Maiti haina jeraha," alisema. "Kamba ni nzima. Na aliyekuwa juu yu hai. Mimi nataka mtu anieleze."

"Nilijaribu kushuka, mzee."

"Ukarudi."

"Nilirudi."

"Mwanaume gani anamwacha mwenzake shimoni?" Akawageukia watu. "Huyu Mmbulu ama alimfanyia kitu mtoto wetu, ama alimwangalia akifa. Yote mawili ni sawa kwangu."

Wazee wa Endabash waliokuja na upande wa wifi walianza kunong'ona kwa lugha yao. Wifi alikuwa amekaa mkekani pamoja na mama, bega kwa bega, naye mama hakuwa akimtazama yeyote. Kijana mmoja wa ukoo wetu akasema yule mtu apelekwe polisi, mwingine akasema wifi na watu wake waondoke wote. Niliona jambo linakoelekea. Nikaomba ruhusa ya kusema.

"Baba mdogo, kilichomuua kaka kilitoka kwenye mwamba."

"Mwamba unatoaje kitu?"

"Kule kwetu Singida, yale mawe makubwa, umewahi kuona yanavyobambuka maganda?"

"Kama vitunguu. Nimecheza juu yake."

"Na ile changarawe inayochimbwa pembeni yake ya kujengea?"

"Ni jiwe lililochoka," alisema, bila kupenda.

"Basi chini ya Mang'ola ni mawe hayo hayo, yamechoka na yamevunjika. Ardhi ya bonde hili inavutwa mpaka leo, ndiyo maana tunasikia mitetemeko. Kule chini sana kuna moto wa milima hii yetu, na moto ule unatoa hewa ukaa. Hewa hiyo inapanda kwa kufuata nyufa. Ikikuta mfinyanzi juu yake inazuiwa, inajaa pale. Kaka alikuwa ameshaupita mfinyanzi. Siku ya mwisho kabla ya mvua alivunja jiwe akafungua ufa mpya. Shemeji yake anasema alifurahi, kwa sababu ulikuwa na unyevunyevu. Kisha mvua ikanyesha, ardhi yote ya juu ikaloa ikaziba, na hewa ikabaki na mlango mmoja tu. Kisima. Ni nzito kuliko hii tunayovuta, inakaa chini kama maji. Haina rangi, haina harufu. Kaka alipoinama aliingia ndani yake."

Nilisikia mvua kwenye turubai.

"Na huyu?" baba mdogo akauliza, akimwonyesha shemeji kwa kidevu.

"Huyu angeendelea kushuka, tungewatoa wawili."

"Hayo ni maneno ya darasani," alisema. "Mimi nitakiona hicho kisima."

Kesho yake mvua ilipokatika tulishuka Mang'ola kwa gari la kukodi. Mkulima alikuwa amekifunika kisima kwa mbao na miiba. Baba mdogo aliamuru kifunuliwe, lakini nikamzuia kila mtu asiiname. Tuliwasha taa ya chemli, tukaifunga kwenye kamba, tukaishusha taratibu. Mwali ulionekana ukicheza kwenye kuta, ukapungua, ukawa wa buluu, ukazimika. Tukapandisha, tukawasha tena, tukashusha. Ukazimika pale pale.

"Upepo," alisema mmoja wa vijana.

"Upepo gani shimoni?" baba mdogo akamjibu. Alikuwa amekunja uso. Akamwomba mkulima kuku. Mkulima alisita, akaleta jogoo mdogo mwekundu. Baba mdogo alimtia kwenye ndoo mwenyewe, akafunika kwa wavu, akamshusha kwa mikono yake. Tulisikia mabawa yakipiga bati. Halafu hatukusikia kitu. Alipompandisha, jogoo alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mdomo wazi.

Baba mdogo alimshika miguu akamgeuza huku na huku, kama anayetafuta jeraha. Kisha alimweka chini, akaenda mpaka alipokuwa amesimama shemeji wa marehemu, akasimama mbele yake. "Ungeendelea kushuka, tungekuwa tumezika wawili," alisema. Hakuomba radhi zaidi ya hapo, na sidhani aliwahi kufanya hivyo kwa mtu yeyote maishani. Yule mtu aliitikia kwa kichwa, akaenda kumsaidia mkulima kurudisha mbao na miiba.

Nilidhani mambo yamekwisha. Upande wa wazee yalikwisha kweli. Hakuna aliyetaja tena polisi, na wifi na watoto walibaki kwenye nyumba yao pembeni mwa nyumba ya mama. Lakini mama hakuweza kumsalimia yule shemeji. Akija uani mama anaingia ndani. Nilimweleza upya, nikamchorea hata chini kwa kijiti, mfinyanzi hapa, changarawe hapa, nyufa hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa tangu siku ile," alisema. "Hakumuua. Lakini kila nikimwona, namwona amesimama juu, na mwanangu yuko chini. Nifanyeje?"

Niliufuta mchoro kwa mguu.

Shemeji hakuchimba tena. Alikaa miezi michache akifanya vibarua vya mashambani, kisha akaamua kuhamia upande wa Mbulu kwa mjomba wake. Siku aliyokuja kumuaga dada yake nilimsindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na mfuko mmoja wa nguo. Tukiwa tunasubiri gari akaniuliza, bila kunitazama:

"Dada, wewe unajua. Kama angebaki na kamba kiunoni, ningemvuta akiwa hai?"

Ningeweza kumwambia hapana.

"Labda," nilisema. "Kama ungemvuta mara tu aliposema usingizi. Labda."

"Aliponiambia anaifungua, nilimwambia sawa."

Gari likaja, likapakia, likaondoka. Niliporudi, wifi alikuwa bado mlangoni na mtoto mgongoni.

Kwenye shimo letu tulifika mwishowe kwenye mwamba tuliouhitaji. Ulikuwa kama tulivyotarajia, na hata zaidi. Granaiti iliyooza nusu, ya rangi ya asali, chini yake mwamba mgumu uliokatwakatwa na nyufa, nyingine pana kiasi cha kuingiza kidole. Mjiolojia mkuu alipita kwenye makasha akiwa na furaha. Halafu vipimo vikatoka. Nyufa zilikuwa wazi na zilikuwa zimejaa, lakini kilichozijaza kilikuwa maji ya moto yenye chumvi na hewa ukaa. Hapakuwa na mafuta, au yalikuwepo zamani yakasukumwa yakapotea. Mjiolojia mkuu alisema ndivyo ilivyo, mlima mmoja unaweza kuwa na kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata. Shimo likamwagiwa saruji, mtambo ukapakiwa kwenye malori. Mkulima wa vitunguu naye alikijaza kisima chake kwa mawe. Kabla ya kukijaza alinipigia simu kuuliza kama maji yake yangefaa hata kwa kumwagilia tu.

Mimi bado nafanya kazi hii. Mwezi ujao tunahamia kusini, upande wa Wembere, kwenye kilima kingine kilichozikwa. Jioni niliyokwenda kumweleza mama, alikuwa anachambua maharage jikoni, ukungu wa Karatu umeshuka mpaka kizingitini.

"Mnaendelea kuchimba?" aliuliza.

"Tunaendelea, mama."

Alipekua maharage, akatoa jiwe dogo, akalitupa nje.

"Funga mlango," alisema. "Baridi inaingia."